Fleming: Aliyegundua penisilini ndiye aliyeonya kuhusu usugu wa dawa

Miaka 100 iliyopita kidonda kidogo kilichoingia vimelea kiliweza kumuua mtu mzima mwenye afya. Mama aliyejifungua salama aliweza kufariki kwa homa ya uzazi siku chache baadaye. Mtoto mwenye nimonia aliachiwa nguvu za mwili wake tu. Madaktari waliwajua bakteria kwa majina, lakini hawakuwa na dawa ya kuwafuata ndani ya damu.

Mtu ambaye jina lake linahusishwa zaidi na mabadiliko hayo ni Alexander Fleming. Ndugu msomaji, maisha yake yana funzo kwa kila mgonjwa na kila mzazi anayeingia duka la dawa leo.

Fleming alizaliwa Agosti 6, 1881, katika shamba la Lochfield karibu na mji wa Darvel, Scotland. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alifariki Alexander akiwa na miaka saba. Alipofika ujana alikwenda London kuishi na kaka zake, akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya meli. Baadaye alipata fungu la urithi, akalitumia kusomea udaktari katika Hospitali ya St Mary's. Alihitimu mwaka 1906 na kubaki hapo kama mtafiti karibu maisha yake yote.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilimpeleka Boulogne, Ufaransa, kwenye maabara ya kijeshi. Huko aliona askari wengi wakinusurika risasi, kisha wakifa kwa vidonda vilivyooza. Madaktari walimimina dawa kali za kuua vijidudu ndani ya majeraha. Fleming alionyesha kwamba kwenye majeraha yenye kina dawa hizo hazikufika kwenye vijishimo walikojificha bakteria, na zaidi ziliua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Tangu hapo alitafuta kitu kitakachomuua bakteria bila kumdhuru mgonjwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 aligundua kwamba kamasi, machozi na mate yana kimeng'enya kinachoyeyusha baadhi ya bakteria, akakiita lisozimu. Kwa bahati mbaya, bakteria wengi wanaoleta magonjwa makubwa hawakitishiki nacho.

Septemba 1928 alirejea kutoka likizo na kukuta visahani vyake vya maabara vimerundikana mezani. Katika kimoja alikuwa ameotesha bakteria wanaosababisha majipu na usaha, na ndani yake ukungu ulikuwa umeota wenyewe. Kuuzunguka ukungu ule palikuwa peupe, kwani bakteria waliokuwa jirani walikuwa wamekufa. Mwingine angekitupa kisahani. Fleming aliuotesha ukungu ule upya, akaupima, na maji yake akayaita penisilini. Mwaka 1929 alichapisha matokeo yake.

Penisilini humzuia bakteria kujenga ukuta unaomzunguka, naye hupasuka. Chembe za mwili wa binadamu hazina ukuta wa aina hiyo, hivyo kwa watu wengi ni dawa salama, isipokuwa wenye mzio nayo. Virusi navyo havina ukuta huo. Ndiyo maana dawa hii haiwezi kuponya mafua, hata mgonjwa akimeza pakiti nzima.

Fleming alishindwa kuisafisha penisilini ikawa dawa ya kutumika. Kazi hiyo ilifanywa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao. Mei 1940 waliwaambukiza panya wanane bakteria wa kuua. Wanne waliopewa penisilini walikuwa bado hai wakati wanne wengine wote walikuwa wamekufa.

Februari 1941 walimtibu askari polisi aliyekuwa na maambukizi makali usoni. Alianza kupata nafuu, lakini dawa ilikuwa kidogo mno kiasi kwamba waliichuja tena kutoka kwenye mkojo wake. Ilipokwisha kabla hajapona, maambukizi yalirudi, akafariki. Kufikia mwaka 1944 viwanda, hasa vya Marekani, vilikuwa vinatengeneza penisilini ya kutosha majeruhi wa vita.

Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Desemba, akihutubia Stockholm, Fleming alitoa onyo. Aliona siku inakuja ambapo yeyote ataweza kununua penisilini dukani na kumeza kiasi pungufu. Alitoa mfano wa mwanamume anayejitibu koo kwa dozi isiyotosha kuua bakteria, bali inayotosha kuwafundisha kuizoea dawa. Bakteria hao wanamwambukiza mkewe, anapata nimonia, penisilini haifanyi kazi tena, na mke anafariki. Kwa Fleming, mwenye lawama hapo ni yule mume.

Fleming alifariki London Machi 11, 1955, kwa mshtuko wa moyo, akazikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's. Kabla hajafa, tayari hospitali zilikuwa na bakteria wa usaha wasiosikia penisilini. Watafiti wanakadiria kuwa mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani.

Mzazi, mfano ule wa mume na mke hutokea pia kati ya mama na mtoto. Usinunue vidonge vinne vya antibayotiki kwa sababu fedha imeishia hapo. Usimpe mtoto dawa iliyobaki ya kaka yake. Mtoto akiwa na mafua, au anaharisha bila damu, mara nyingi hahitaji antibayotiki. Kwa kuharisha, kinachomwokoa ni maji ya chumvichumvi (ORS) na zinki. Ukiandikiwa dozi, itumie kwa saa na siku ulizoelekezwa, usiache kwa sababu homa imeshuka. Mweleze daktari kama dawa imewahi kukuletea vipele au kukubana pumzi. Osha mikono, na mkamilishie mtoto chanjo, maana ugonjwa uliozuiwa hauhitaji dawa.

Daktari akisema kipimo cha kuotesha vimelea kinahitajika, usikione ni gharama ya bure. Mtaalamu wa maabara anatafuta pale peupe alipopaona Fleming, ili ajue dawa ipi bado inawaua bakteria wako. Na mtoto akipumua kwa haraka, akishindwa kunyonya au kupata degedege, mwahishe kituo cha afya bila kupitia dukani.