Isaac Newton: Hakimu wa Kesi Yake Mwenyewe

Newton wa sekondari tunamjua wote: sheria tatu za mwendo, tufaha, mtihani. Kuna Newton mwingine ambaye hatufundishwi, yule wa majarida na vikao vya kamati. Huyo ndiye anayemhusu mwanachuo anayeandaa makala yake ya kwanza na kukutana na ile fomu ya kutaja kama ana mgongano wa maslahi.

Alizaliwa siku ya Krismasi 1642, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule, kijijini Woolsthorpe. Baba yake alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Alipofika miaka mitatu mama yake akaolewa na mchungaji, akahamia kwa mume, mtoto akaachwa kwa bibi. Akakua mtu wa kujifungia, mwepesi wa kuhisi amedhulumiwa. Mwaka 1661 akaingia Trinity College, Cambridge, kwenye lile kundi la wanafunzi waliopunguziwa gharama kwa kuwatumikia wenzao wenye nacho. Yaani bumu lake lilikuwa jasho lake.

Mwaka 1665 tauni ikafunga chuo. Sisi chuo kikifungwa tunajua tunachofanya. Jamaa alirudi kijijini, umri miaka 22, na katika kipindi hicho akatengeneza njia ya kukokotoa vitu vinavyobadilika, ndiyo hii kalkulasi inayowapa watu sapu mpaka leo. Miaka michache baadaye akawaonyesha watu wachache maandishi yake, kisha akayafungia.

Kwa nini hakuchapisha? Jibu moja liko kwenye makala aliyokubali kuitoa mwaka 1672, kuhusu mwanga na rangi. Ilitoka kwenye Philosophical Transactions, jarida ambalo Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alilianzisha mwaka 1665. Robert Hooke, mjuzi wa mambo hayo, akaikosoa. Ukosoaji wa kawaida tu, kwa macho yetu. Newton aliuchukua kama tusi, akatishia hata kujitoa kwenye jumuiya. Kitabu chake cha mwanga alikitoa mwaka 1704, Hooke akiwa ameshakufa mwaka uliotangulia.

Wakati huo huo, huko bara, Gottfried Wilhelm Leibniz alikuwa anafika kule kule kwa njia yake. Karatasi zake za mwaka 1675 tayari zina alama ya intego tunayoitumia leo. Mwaka 1676 Newton alimwandikia barua mbili kupitia Oldenburg, na katika ya pili jambo lenyewe alilificha kwa herufi zilizovurugwa, ili baadaye athibitishe kwamba alikuwa nalo bila kumpa mtu. Leibniz alipita London mwaka huo, akaona baadhi ya maandishi ya Newton na kunakili vipande, lakini alichonakili hakikuwa kalkulasi yenyewe. Mwaka 1684 akachapisha yake kwenye Acta Eruditorum, jarida la Leipzig. Newton hakutajwa. Wanahistoria leo wanakubaliana kwamba kila mmoja aligundua kivyake: Newton alitangulia kugundua, Leibniz alitangulia kuchapisha.

Lingeweza kuishia hapo. Lakini Newton alipoweka hesabu zake hadharani mwaka 1704, nyuma ya kile kitabu cha mwanga, mwaka uliofuata ukatoka uhakiki usio na jina, unaodokeza kwamba ameazima kwa Leibniz. Aliyeuandika ni Leibniz mwenyewe. Kwa hiyo tusimfanye malaika. Mfuasi wa Newton, John Keill, akajibu kwenye jarida la London akimwonyesha Leibniz kama mwizi. Leibniz, ambaye naye alikuwa mwanachama wa Royal Society, akaandika kulalamika na kudai haki.

Ebu fikiria analalamika kwa nani. Rais wa Royal Society tangu 1703 ni Newton.

Kamati ikaundwa Machi 1712. Wengi wao walikuwa watu wa Newton, akiwemo Edmond Halley, aliyegharamia uchapaji wa Principia mwaka 1687. Watatu waliongezwa wiki moja tu kabla ripoti haijasomwa. Leibniz hakuombwa kueleza upande wake. Aprili 24 hukumu ikatoka: Newton ndiye mgunduzi wa kwanza, na Keill hakumkosea mtu. Majina ya wanakamati hayakuchapishwa. Tunasema kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Hapa nyani aliandika hukumu kwa mkono wake, maana rasimu za ripoti zilikutwa kwenye makaratasi ya Newton, kwa mwandiko wake.

Kinachonishangaza zaidi ni cha mwaka 1715. Philosophical Transactions ilitoa uhakiki wa ripoti hiyo, kurasa zaidi ya hamsini, karibu toleo zima. Hauna jina. Unamzungumzia Newton kama mtu wa mbali, unasifia ushahidi, na unasisitiza kwamba hakuna sheria inayomruhusu mtu kuwa shahidi katika kesi yake mwenyewe. Mwandishi ni Newton. Mtuhumiwa, rais, mwandishi wa ripoti na mhakiki wa ripoti, wote ni mtu mmoja. Mwaka 1722 akaitoa ripoti upya, na dibaji yake isiyo na jina.

Na ajabu ni kwamba hakuhitaji hayo yote. Kweli alikuwa wa kwanza. Angeweka tu karatasi zake za ujana mezani, watu wa nje wakazisoma.

Leibniz alifariki Novemba 1716 huko Hannover, jina lake likiwa na doa. Newton alifariki Machi 1727, akazikwa Westminster Abbey kwa heshima kubwa. Wanahisabati wa Uingereza wakaendelea kung'ang'ania nukta za Newton kwa karibu miaka mia, kwa uzalendo, huku wenzao wa bara wakitumia alama rahisi za Leibniz na kuwaacha mbali. Waliochoka ni wanafunzi. Mwaka 1812 pale pale Cambridge, Charles Babbage, John Herschel na George Peacock na wenzao waliunda chama cha kudai alama za Leibniz zifundishwe. Mwaka 1817 Peacock, sasa akiwa mtahini, akaziweka kwenye mtihani wa chuo.