Erlang wa Denmark, mtu aliyeihesabu foleni

Mwanahisabati aliyefariki mwaka 1929 ndiye aliyeacha kipimo ambacho wahandisi wa simu, na sasa wa seva za viwandani, wanakitumia kujua mtambo wa ukubwa gani unatosha.

Katika miaka ya mwanzo ya kazi yake, wakazi wa Copenhagen walizoea kumwona bwana mmoja akipita mitaani, nyuma yake kibarua aliyebeba ngazi. Wawili hao walisimama penye kifuniko cha chuma barabarani, wakakiinua, na yule bwana akateremka katika shimo lililopitisha nyaya za simu, apime mikondo ya umeme iliyopotea ardhini. Mikondo ya namna hiyo hula maganda ya risasi yanayozifunika nyaya, na kampuni ya simu ilitaka kujua inatoka wapi. Mtu huyo hakuwa fundi wa kutwa. Alikuwa mwanahisabati mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Copenhagen na mkuu wa maabara ya kampuni, ila katika maabara hiyo hapakuwa na msaidizi wa kumtuma. Jina lake lilikuwa Agner Krarup Erlang.

Jina hilo leo latajwa na watu wengi wasiojua kwamba lilikuwa la mtu. Mhandisi anayetakiwa kusema kiwanda kinahitaji seva ngapi ili taarifa za mashine zisikwame, au kituo cha huduma kwa wateja kinahitaji wapokezi wangapi saa nne asubuhi, anakabiliwa na swali ambalo Erlang alilijibu kwa kalamu na karatasi, miongo mingi kabla ya kompyuta ya kwanza kuingia kiwandani.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1878 katika kijiji cha Lønborg, magharibi mwa rasi ya Jutland. Baba yake, Hans Nielsen Erlang, alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji na karani wa parokia. Mama yake, Magdalene Krarup, alitoka katika ukoo wa makasisi, na miongoni mwa wahenga wake alikuwamo Thomas Fincke, mwanahisabati wa Denmark aliyezaliwa katika karne ya 16. Inasimuliwa kwamba jioni, kaka yake Frederik alipokuwa ameketi mezani akisoma kitabu, Agner alikaa upande wa pili na kukisoma kitabu kile kile kikiwa kichwa chini miguu juu. Alipenda nyota, akazitungia mashairi.

Masomo ya awali aliyapata nyumbani. Akiwa na umri wa miaka 14 alifanya mtihani wa awali huko Copenhagen, kwa ruhusa maalumu kwa sababu umri wake ulikuwa bado haujatimia, akafaulu vizuri sana. Alirejea kijijini kumsaidia baba yake kufundisha kwa miaka miwili, kisha akaenda Hillerød kujiandaa, na mwaka 1896 akaingia chuo kikuu. Familia haikuwa na mali. Alisoma kwa ufadhili na kupewa chumba katika Regensen, bweni la kale la wanafunzi mjini Copenhagen. Alihitimu mwaka 1901 katika hisabati, pamoja na elimu ya nyota, fizikia na kemia, kisha akafundisha katika shule mbalimbali kwa takriban miaka saba. Huenda angezeeka na chaki mkononi kama baba yake.

Kilichombadilishia njia ni mikutano ya chama cha wanahisabati wa Denmark. Huko alikutana na Johan Jensen, mtu ambaye wanafunzi wa hisabati bado wanalisoma jina lake, lakini ambaye riziki yake aliipata kama mhandisi mkuu wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, iliyojulikana kwa kifupi kama KTAS. Jensen alimfikisha kwa mkurugenzi wa kampuni, Fritz Johannsen. Mkurugenzi huyo alikuwa mtu wa aina yake: mwaka 1907 alikuwa amechapisha andiko lake mwenyewe kuhusu simu zinazokuta njia zimejaa na wateja wanaongojea. Alijua tatizo lilipo, na alijua pia kwamba linahitaji hesabu nzito kuliko aliyonayo. Mwaka 1908 alimwajiri Erlang.

Tatizo lenyewe linaelezeka kwa urahisi. Kampuni haiwezi kumjengea kila mteja njia yake ya peke yake kutoka kituo kimoja cha simu hadi kingine, kwani nyaya ni ghali na muda mwingi zingelala bure. Lakini ikijenga chache mno, anayepiga simu anakuta njia zote zimeshikwa. Baina ya hasara ya kampuni na kero ya mteja, idadi gani ni sawa? Wenye makampuni walizoea kujibu kwa uzoefu na kukisia. Kishawishi kikubwa, wakati ule kama sasa, kilikuwa kutazama wastani.

Mwaka 1909 Erlang alichapisha andiko lake la kwanza kuhusu jambo hilo. Alionyesha kwamba simu za watu wengi wasiojuana, kila mmoja akipiga kwa wakati wake, hufuata kanuni ya uwezekano iliyokwisha kuelezwa na Mfaransa Poisson katika karne iliyotangulia. Yaani machafuko ya mji mzima yana mpangilio wake. Haiwezekani kusema nani atapiga dakika ijayo, lakini inawezekana kusema ni mara ngapi watu kumi watapiga kwa pamoja.

Andiko kubwa lilifuata mwaka 1917, na ndani yake zimo kanuni mbili ambazo wahandisi huziita kwa herufi, B na C. Ya kwanza ni ya mteja anayekuta njia zimejaa na kukata tamaa. Ya pili ni ya mteja anayekubali kusubiri.

Tuseme katika saa yenye shughuli nyingi kituo kidogo kinapokea simu 100, na kila mazungumzo yanachukua dakika 3. Jumla ni dakika 300, sawa na njia 5 zinazotumika saa nzima bila kupumzika. Mwenye kutazama wastani atajenga njia 5 na kulala usingizi. Kwa kanuni ya Erlang, kituo hicho kitakataa simu 28 katika kila 100. Ili zinazokataliwa zipungue hadi chini ya moja katika 100, zinahitajika njia 11, zaidi ya mara mbili ya wastani. Hapo mhasibu yeyote angenung'unika. Lakini kanuni hiyo hiyo ina faraja. Vituo viwili vya namna hiyo, kila kimoja na njia zake, vitahitaji njia 22. Vikiunganishwa vitumie njia kwa pamoja, 18 zinatosha kwa huduma ile ile. Wengi wakishirikiana chombo kimoja, bahati mbaya ya huyu hufidiwa na utulivu wa yule.

Matokeo hayo yalivuka mipaka haraka. Shirika la Posta la Uingereza, lililosimamia simu za nchi hiyo, lilianza kuitumia kanuni ya Erlang, na maandiko yake yakatafsiriwa katika lugha kadhaa. Yasemekana mtafiti mmoja wa maabara za Bell nchini Marekani alijifunza Kidenmark ili ayasome katika lugha yalimoandikwa. Kwa lugha yenye wasemaji wachache kiasi hicho, ni heshima isiyotolewa kila siku.

Kanuni ya kusubiri ndiyo iliyokuja kuwa na maisha marefu zaidi nje ya simu, na kiwanda cha kisasa ni mahali pazuri pa kuiona ikifanya kazi. Mashine ya kukata chuma, mizani, kifaa cha kusoma alama za bidhaa na mfumo wa oda wa kampuni havizungumzi lugha moja. Katikati yake huwekwa programu ya kuviunganisha, ambayo hufanya kazi ya mkalimani: hupokea taarifa ya kila mashine, huigeuza, huipeleka inakotakiwa. Mkalimani huyo anakaa ndani ya seva, na seva lazima inunuliwe kabla kiwanda hakijaanza.

Chukua seva inayotumia wastani wa sehemu moja ya kumi ya sekunde kushughulikia taarifa moja. Mashine 100, kila moja ikituma taarifa kila baada ya sekunde 20 hivi, zitaipa kazi ya nusu ya uwezo wake, na kila taarifa itangoja wastani wa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kiwanda kikikua na mashine kuwa 180, seva inashughulika kwa asilimia 90 ya muda wake, na kungoja kunafika karibu sekunde nzima, mara tisa ya awali, ingawa mashine hazikufika hata mara mbili. Zikiongezwa 10 tu, ziwe 190, kungoja kunaruka hadi karibu sekunde 2. Zikifika 200, foleni haina mwisho. Kama kila taarifa inachukua muda ule ule bila kubadilika, hali ambayo Erlang aliipigia hesabu pia, kungoja kunapungua kwa nusu, lakini ukuta unabaki pale pale. Meneja anayeona asilimia 90 na kusema bado ipo nafasi ya asilimia 10 amesoma namba sahihi na kuielewa vibaya.

Ndiyo sababu programu za namna hii hujaribiwa kwa mzigo wa bandia kabla ya kukabidhiwa. Wahandisi huirushia seva taarifa nyingi zaidi na zaidi huku wakipima muda wa kungoja, hadi waone mahali mstari unapoanza kupinda kuelekea juu. Seva hukadiriwa kwa kuangalia pale mstari unapopinda. Mahali mtambo unapoanguka ni mbali mno kuwa kipimo.

Hata hivyo kanuni za 1917 zina masharti, na aliyeziandika aliyataja bila kuyaficha. Zinachukulia kwamba wapigaji hawategemeani. Kiwandani hali si hivyo siku zote: zamu mpya inapoanza, au umeme unaporudi baada ya kukatika, mamia ya mashine huamka kwa dakika moja na kutuma taarifa kwa mpigo. Tena kanuni B inamchukulia aliyekataliwa kuwa amekwenda zake. Mwanadamu wa mwaka 1917 pengine alitundika simu akaenda kunywa kahawa. Mashine haina subira hiyo. Isipojibiwa hupiga tena mara moja, na tena, na seva iliyokuwa imezidiwa kidogo hufunikwa kabisa na marudio. Jaribio lisiloigiza dakika ya umeme kurudi halijajaribu kitu. Kosa hapo haliwezi kubebeshwa mwanahisabati wa Lønborg. Ni la anayechukua kanuni yake na kuyaacha masharti.

Mwenyewe aliishi maisha ya kimya. Hakuoa. Fedha zake nyingi ziliishia kwenye vitabu, hasa vya hisabati, nyota na fizikia, akajikusanyia maktaba kubwa. Alikuwa Mkristo mcha Mungu, mpole, mwenye utani wa chini chini uliohitaji msikilizaji makini. Watu wenye shida walijua njia ya kufika maabara yake. Walikuja kuomba msaada, naye aliwapa bila kutaka lijulikane. Mtu aliyetumia siku zake kuhesabu nani atahudumiwa na nani atarudishwa, mlangoni pake mwenyewe hakuweka hesabu.

Alifanya kazi KTAS kwa takriban miaka 20, na katika muda huo wote hakukosa kazi kwa ugonjwa. Mapema mwaka 1929 alipelekwa hospitali kwa upasuaji wa tumbo. Alifariki tarehe 3 Februari, akiwa na umri wa miaka 51.

Mwaka 1946 kamati ya kimataifa ya simu ilikubali jina lake liwe la kipimo cha msongamano: erlangi moja ni njia moja inayotumika bila kupumzika. Kile kituo kidogo chenye simu 100 za dakika 3 kina mzigo wa erlangi 5. Miaka miwili baadaye, maisha na maandiko yake yalikusanywa katika kitabu kimoja kilichotolewa Copenhagen.

Na ng'ambo ya mlango wa bahari, nchini Sweden, katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, wataalamu wa kampuni ya Ericsson walibuni lugha ya kompyuta ya kuendeshea mitambo ya simu, mitambo isiyoruhusiwa kuzimika. Waliiita Erlang. Mwaka 1998 lugha hiyo iliachiwa watu wote waitumie bure, na kwa lugha hiyo ndiyo seva za WhatsApp ziliandikwa.