Mabel Dove, Mama wa Majina Mengi

Katika ukurasa wetu wa watu waliotutangulia, leo tunamtazama mama mmoja wa Afrika Magharibi.

Mabel Dove alizaliwa Accra mwaka 1905, wakati Ghana ilipokuwa ikiitwa Gold Coast chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa mwanasheria kutoka Sierra Leone, na mama yake mfanyabiashara wa kabila la Ga. Akiwa na miaka sita tu alitengwa na mama yake, akapelekwa Freetown kwa shangazi ili asome. Baadaye alipelekwa Uingereza. Huko alijifunza ukarani na kupiga taipu bila kibali cha baba yake, naye baba akakasirika, akamrudisha. Lakini kazi hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kumlisha. Aliporudi Accra aliajiriwa na kampuni ya meli ya Elder Dempster.

Miaka ya 1930 ilipoanza, alipewa ukurasa wa wanawake katika gazeti la J. B. Danquah, ambaye alifunga naye ndoa mwaka 1933. Hakutumia jina lake, alijiita Marjorie Mensah. Aliwahimiza wasichana wasome, akatetea heshima ya wanawake nyumbani na katika mambo ya nchi. Maneno yake yalikuwa makali hata wasomaji wakabishana kama mwandishi ni mwanamke kweli. Katika magazeti mengine alijiita Dama Dumas na Ebun Alakija.

Ndoa ile haikudumu, lakini kalamu hakuiweka chini. Alijiunga na gazeti la Kwame Nkrumah, Accra Evening News. Mwaka 1951 alifanywa mhariri. Baada ya miezi mitano aliondolewa, kwa kuwa hakukubaliana na Nkrumah juu ya uendeshaji wa gazeti. Hata hivyo, mwaka 1954 aligombea kwa chama hicho hicho, akashinda. Kati ya wajumbe 104 wa bunge lile, mwanamke alikuwa yeye peke yake. Mwaka 1972 alipoteza macho, na mwaka 1984 akafariki dunia.

Ndugu zetu, sisi tuliokimbia makwetu tunajua uzito wa jina kwenye karatasi. Akina mama wengi huandikwa nyuma ya jina la mume, na mume akifa au akiondoka, mama huanza kuulizwa yeye ni nani. Katika Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai urithi, na Biblia imeyataja majina yao yote. Basi tusimbakize binti nyumbani wakati kaka yake anakwenda shule. Na mama asiyejua kuandika jina lake, tumfundishe.