Philip Dalton: rubani aliyewaachia wenzake hesabu mkononi

Hapa kwetu mashariki, mara nyingi mutu anapanda ndege ndogo sababu barabara imekatika. Akishakaa, maisha yake iko mikononi mwa rubani. Rubani naye anategemea hesabu: mafuta yatatosha? Upepo unatusukuma wapi? Mmoja wa watu waliorahisisha hesabu hiyo ni Mmarekani Philip Dalton.

Dalton alizaliwa mwaka wa 1903, akasoma kwenye chuo kikuu cha Cornell. Aliingia jeshini upande wa mizinga, lakini hakukawia huko. Tangu 1931 akawa rubani wa akiba wa jeshi la majini.

Shida aliyotaka kumaliza ni hii. Ndege inakimbia kilomita 200 kwa saa. Ikikutana na upepo wa kilomita 50 unaotoka mbele, inasonga 150 tu juu ya ardhi. Safari ya kilomita 300 inakuwa saa 2, si saa 1 na nusu. Asiyehesabu ile nusu saa, mafuta inaweza kumuishia angani.

Mwaka wa 1933 Dalton alitoa kifaa cha duara chenye namba. Rubani anazungusha sahani moja juu ya ingine, jibu linaonekana. Hakutosheka. Alikitengeneza tena na tena, akaongeza upande wa kupimia upepo. Jeshi likaona aina moja ni ya bei kali; akatengeneza ingine, bapa na rahisi. Hiyo njo E6B, iliyoingia jeshini mwaka wa 1940.

Matunda yake hakuyaona. Mwaka wa 1941 alikuwa angani na mwanafunzi, wakijizoeza kushuka kwa kuzunguka. Ndege ikaanguka, Dalton akafa. Kisha Marekani ikaingia vitani, na E6B zaidi ya 400 000 zikatengenezwa wakati wa vita.

Kuanzia miaka ya 1970 zikaja mashini za elektroniki za kushika mkononi: rubani anafinya namba, jibu linatoka. Zingine zinaitwa E6B vilevile. Lakini betri inaisha. Kifaa cha Dalton hakina betri, na mpaka leo kuna shule za urubani ambazo mwanafunzi anaanza na ile sahani kwanza.