J. A. Hobson: Mwanauchumi Aliyefungiwa Mlango

Askari hujua vita vilianza lini na vilikwisha lini. Lakini ni mara chache huelezwa ni nani aliyenufaika navyo. Mwingereza John Atkinson Hobson aliliuliza swali hilo waziwazi, na kwa ajili ya fikra zake alitengwa na wakuu wa elimu yake.

Hobson alizaliwa Derby tarehe 6 Julai, 1858, mtoto wa mwenye gazeti. Baada ya masomo ya Oxford alikuwa mwalimu wa shule. Akiwa Exeter alikutana na mfanyabiashara Mummery, mpanda milima hodari, na mwaka 1889 wakatoa kitabu pamoja. Walidai kwamba matajiri wakiweka akiba kupita kiasi, na mfanyakazi akikosa fedha za kununua, bidhaa hulala ghalani na watu hukosa kazi.

Siku hizo kuweka akiba kulihesabiwa kuwa wema usio na kasoro. Profesa mmoja alikifananisha kitabu hicho na jaribio la kuthibitisha kuwa dunia ni bapa, na Hobson akanyimwa ruhusa ya kutoa mihadhara ya uchumi mjini London. Mummery alifariki mwaka 1895 katika mlima Nanga Parbat. Hobson hakupata kamwe kazi ya kudumu ya kufundisha uchumi katika chuo kikuu.

Hata hivyo hakunyamaza. Alikuwa na mapato kidogo ya familia, na alikuwa na wenzake. Katika miaka ya 1890 alijiunga na kikundi cha wapenda mageuzi kilichoitwa Rainbow Circle, ambacho katibu wake, Ramsay MacDonald, alikuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1924. Aidha, kwa zaidi ya miaka 30 alihutubia jumuiya ya South Place, London. Huko fikra zilizofukuzwa vyuoni zilipata wasikilizaji.

Mwaka 1899 gazeti la Manchester Guardian lilimtuma Afrika Kusini, wakati vita vya Waingereza na Makaburu vilipokaribia. Aliyoyaona yakazaa kitabu chake juu ya ubeberu, mwaka 1902. Humo aliorodhesha nchi zilizotwaliwa na Uingereza, zikiwemo Uganda na Zanzibar. Alieleza kwamba mtaji uliokosa faida nyumbani hutafuta faida ng'ambo, kisha bendera na majeshi hufuata kuulinda. Taifa zima hulipa gharama. Faida huenda kwa wachache. Dawa yake ilikuwa kumwongezea mfanyakazi kipato. Lenin alikitumia sana kitabu hicho mwaka 1916, ingawa hakuamini kwamba mageuzi ya namna hiyo yangetosha.

Hobson hakukosa dosari. Katika maandishi yake juu ya Afrika Kusini aliwatupia Wayahudi lawama kwa chuki isiyo na haki, akasahau kwamba tamaa ya mali haina kabila.

Mwaka 1936 Keynes, ambaye zamani alimdharau, aliandika kwamba kitabu cha 1889 kilianzisha enzi mpya katika fikra za uchumi. Miaka 47 ilikuwa imepita. Hobson alifariki tarehe 1 Aprili, 1940, Ulaya ikiwa vitani tena. Anayebeba silaha ana haki ya kulijua swali lake, kwani jibu lake hulipwa kwa damu ya askari kabla ya mtu mwingine yeyote.