Vladimir Haensel: Mkemia aliyeiwezesha petroli kuachana na risasi

DEREVA anayepanda na gari la petroli kutoka Mwatate hadi Mghange, katika milima ya Taita, anaijua ile sauti ya kugonga ndani ya injini inapolemewa na mlima. Petroli duni hulipuka kabla ya wakati wake, nguvu zikapotea na pistoni zikaumia. Uwezo wa petroli kustahimili hali hiyo hupimwa kwa okteni, na historia ya okteni haiwezi kusimuliwa bila kumtaja Vladimir Haensel.

Alizaliwa Freiburg, Ujerumani, Septemba 1914, akakulia Moscow ambako baba yake alikuwa profesa wa uchumi. Familia iliihama nchi hiyo ya Kisovieti mwishoni mwa miaka ya 1920, ikaishia Marekani mwaka 1930. Haensel alisomea uhandisi, akapata shahada ya pili katika chuo cha MIT mwaka 1937, kisha akaajiriwa na kampuni ya Universal Oil Products. Huko alifanya kazi na Vladimir Ipatieff, mkemia mkongwe aliyekuwa pia ameikimbia Urusi.

Wakati huo njia rahisi ya kupandisha okteni ilikuwa kuitia petroli risasi, sumu inayoharibu ubongo, hasa wa watoto. Haensel alitaka kubadili molekuli zenyewe, na kichocheo alichochagua kilikuwa platini. Wenzake walishangaa: madini ghali kuliko dhahabu yatumike kutengeneza bidhaa ya bei ya chini kama petroli?

Jibu lake lilikuwa la hesabu kama lilivyokuwa la kemia. Alitandaza platini, chini ya asilimia 1 ya uzito, juu ya chembe za alumina, ikasambaa mno hata kiasi kidogo kikafanya kazi kubwa. Kichocheo hakiliwi na kazi kinayoifanya. Kikidumu muda mrefu, gharama yake kwa kila lita huwa ndogo. Nafta ikipita humo kwenye joto la nyuzi karibu 500, molekuli hupoteza haidrojeni na kujipinda kuwa pete za benzini na jamaa zake, zenye okteni ya juu. Benzini nayo ina madhara yake, ndiyo maana kiwango chake hudhibitiwa.

Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1949 huko Muskegon, Michigan, na mbinu hiyo ikaenea duniani. Kiwanda cha Changamwe, kilichosafisha mafuta tangu 1963 hadi 2013, nacho kilikuwa na mitambo ya kugeuza nafta kwa kichocheo. Tangu 1978 bomba la mafuta kutoka Mombasa kwenda Nairobi limepita Maungu, karibu na Voi.

Hata hivyo, risasi haikuondoka upesi. Kenya iliiacha mwaka 2006. Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021. Kuchelewa huko hakukuwa kwa mkemia.

Haensel alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 1973 na Tuzo ya Draper mwaka 1997. Tangu 1979 alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Amherst, ambako alifariki Desemba 2002 akiwa na umri wa miaka 88.