Boyd Orr, Tabibu Aliyenyimwa Ghala la Dunia

Ndugu msomaji, kama ulisoma shule ya msingi hapa Kenya miaka ya 1980, bila shaka hujayasahau maziwa ya Nyayo. Mimi nazikumbuka zile pakiti za pembe tatu, na namna tulivyokuwa tukizing'ata ncha kwa meno na kuzifyonza mpaka zikanywea. Darasani kwetu palikuwa na kijana mmoja ambaye hakunywa yake shuleni hata siku moja. Alikuwa akiitia pakiti mkobani na kwenda nayo nyumbani kwa mdogo wake, nasi tukimcheka. Wakati ule sikujua kwamba maziwa ya watoto wa shule yana historia ndefu, wala kwamba ndani ya historia hiyo yumo tabibu wa Kiskoti ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lile tulijualo kwa jina la FAO. Bwana huyo ni John Boyd Orr, na leo napenda kuwasimulieni habari zake.

Alizaliwa tarehe 23 Septemba 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, Uskoti. Baba yake alikuwa mcha Mungu na mwenye timbo la mawe. Sisi watu wa pwani twazijua hesabu za baharini: chombo kikirejea salama ni neema, kikipotea ni msiba wa ukoo mzima. Basi John alipokuwa na umri wa miaka mitano, meli ya baba yake ilipotea baharini na mali nyingi ikaenda nayo, wakalazimika kuhama na kuanza upya West Kilbride. Alipopata nafasi ya kusoma shule ya mjini Kilmarnock, alipendelea kushinda timboni na wapasua mawe, na aliyojifunza huko yalikuwa matusi zaidi kuliko masomo, hata baba yake akamrudisha shule ya kijijini. Nalitaja hili ili wazee wenye watoto watundu wasikate tamaa upesi.

Alijifunza ualimu, na alipokuwa Chuo Kikuu cha Glasgow alizoea kupita katika mitaa ya maskini wa mji ule. Akapangiwa kufundisha katika shule ya mitaa hiyo. Aliwakuta watoto wamerundikana darasani, nguo zimewachakaa, chawa wawatembea, na wengine njaa yaonekana usoni. Hakukaa ila siku chache, akajiuzulu, kwa sababu aliona hakuna somo liwezalo kuingia katika kichwa cha mtoto mwenye njaa. Akarudi chuoni kusomea uganga wa kizungu. Alipofuzu alikuwa na deni la benki, na ili alilipe upesi akaingia melini kuwa tabibu kwa muda wa miezi minne, katika chombo kilichofanya biashara kati ya Uskoti na Afrika Magharibi.

Mwaka 1914 aliitwa Aberdeen kuongoza taasisi ya utafiti wa lishe. Alipofika alikuta taasisi yenyewe haijasimama, na mara vita vikuu vya kwanza vikazuka, naye akaenda Ufaransa kuwa tabibu wa askari. Huko mahandakini aliwatuma watu kuchuma mboga katika bustani zilizoachwa na wenyewe, wazichanganye na chakula cha jeshi. Askari wa vikosi vingine walikuwa wakipelekwa hospitali kwa maradhi, lakini wa kwake walibaki na siha yao. Alipata nishani mbili za ushujaa, ila mimi naona zile mboga zastahili nishani ya tatu.

Baada ya vita, tajiri mmoja aitwaye John Rowett alitoa fedha, na mwaka 1922 Taasisi ya Rowett ikafunguliwa. Kazi yake ilikuwa lishe ya mifugo, lakini Rowett alishikilia kwamba likionekana jambo lenye kuwafaa wanadamu, Orr aruhusiwe kulifuatia. Naye alilifuatia barabara. Mwaka 1927 alianza kuwapa maziwa watoto wa shule katika miji ya Uskoti na Belfast, huku akiwapima kwa mizani na kwa futi. Baada ya miezi saba ilidhihirika kwamba waliokunywa maziwa walikua upesi kuliko wenzao. Mnamo 1934 Uingereza ikaanza kuwauzia watoto wa shule maziwa kwa bei ndogo, na 1946 sheria ikatungwa wapewe bure.

Hata Kenya mkono wake ulifika. Mwaka 1931, yeye na Dk. Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya afya ya koloni, walichapisha uchunguzi wa lishe ya Wamasai na Wakikuyu. Waliandika kwamba mwanamume wa Kimasai, mnywaji wa maziwa, alimzidi mwenziwe wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Taarifa hiyo ilitajwa sana duniani. Lakini wanahistoria walioirudia baadaye wameona mapengo makubwa. Wanawake wa Kikuyu, ambao walikula mboga za majani kwa wingi, hawakutiwa maanani ya kutosha, na yale mageuzi yaliyoletwa na ukoloni katika maisha ya watu hayakuulizwa. Nami naongeza kwamba mizani yaweza kukwambia mtu ana uzito gani, haiwezi kukwambia shamba lake limekwenda wapi.

Swali hilo la sababu ya njaa alilikabili vizuri zaidi nchini kwake. Mwaka 1936 alitoa kitabu juu ya chakula, afya na kipato, kilichotokana na hesabu za matumizi ya jamaa 1,152. Alionyesha kwamba karibu nusu ya watu wa Uingereza hawakuwa na uwezo wa kununua chakula cha kutosheleza afya. Na hii ni miaka ambayo wakulima walilia kwamba mazao hayana wanunuzi, na Brazil ilikuwa ikiichoma kahawa moto kwa magunia ili bei isianguke! Chakula kilikuwepo, mfuko ndio ulikuwa mtupu. Serikali haikupendezwa hata kidogo, lakini vilipokuja vita vya pili fikira zake zilisaidia kupanga mgao wa chakula kwa kadi, na maskini wengi wakala vizuri kuliko walivyokula wakati wa amani. Vita hivyo hivyo, mwaka 1942, vilimchukua mwanawe wa pekee wa kiume.

FAO iliundwa mjini Quebec, Kanada, tarehe 16 Oktoba 1945. Orr alikwenda kama mshauri tu, wala hakuficha kwamba hakuridhika na shirika lililokusudiwa kukusanya takwimu na kutoa mashauri ilhali watu wana njaa. Wajumbe wakamchagua yeye awe mkuu. Mwaka 1946 aliunda baraza la dharura la kugawa nafaka chache zilizopatikana baada ya vita, na baadaye mwaka huo, mjini Copenhagen, akatoa rai yake kubwa, Bodi ya Chakula ya Dunia.

Sisi tuliosomeshwa chuoni kisa cha Nabii Yusuf, alayhi salaam, hatuhitaji maelezo marefu. Bodi ingenunua nafaka miaka ya neema na kuiweka akiba, kisha ingeitoa miaka ya ukame, ili mkulima asiuze kwa hasara na mlaji asinunue kwa bei ya kuumiza. Ziada ingepelekwa kwa nchi maskini kwa masharti nafuu. Wenye tabia ya kuhodhi mchele wakingoja bei ipande wangekuwa na kazi!

Mataifa yalikubali kwa maneno. Ilipofika 1947, Marekani na Uingereza zilikataa. Marekani haikutaka chombo cha kimataifa kiingilie biashara yake, na Uingereza, mnunuzi mkubwa wa chakula cha nje, ilichelea gharama. Badala ya ghala likaundwa baraza la mashauriano. Aprili 1948 Orr aliondoka katika shirika, akarudi shambani kwake Uskoti.

Mwaka 1949 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, na fedha zake zote akazitoa kwa jumuiya zilizopigania amani na umoja wa dunia. Mwaka huo huo alipewa cheo cha Lord. FAO ilihamia Roma 1951 bila yeye, na ndiyo hiyo ifanyayo kazi mpaka leo ya mbegu, mifugo, uvuvi na vita dhidi ya nzige. Hesabu za mashirika ya Umoja wa Mataifa, FAO ikiwemo, zasema mwaka 2024 watu wapatao milioni 673 walikuwa na njaa. Ghala la dunia bado halijajengwa.

John Boyd Orr alifariki shambani kwake tarehe 25 Juni 1971, akiwa na umri wa miaka 90.